Mpango Wangu Ulikuwa Mzuri, Mbona Mungu Kasema Hapana?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mimi ni dada wa miaka 31, nimeokoka tangu niko sekondari. Nilikuwa na mpango wangu nimeuandika kabisa kwenye daftari: nimalize chuo, nipate skolashipu nikasome masta ya afya ya jamii, niolewe nikiwa na 27, halafu nifanye kazi na wamama wajawazito. Huo mpango niliuombea na kuufungia. Skolashipu nimeomba mara mbili nimekataliwa, na mchumba wangu aliniacha miezi minne kabla ya harusi. Kila mtu ananiambia mwamini Mungu, ana mpango mzuri na wewe, nimesoma Yeremia 29:11 mpaka nimechoka. Naomba kuuliza, nitajuaje kama huu ndo mpango wa Mungu au ni mimi tu nimefeli? Na kumwamini Mungu maana yake niache kupanga? Dirisha la kuomba skolashipu limefunguliwa tena, sijui niombe au niache.

JIBU: Amina dada yangu. Kwanza pole sana, na hiyo pole naomba uipokee kabla sijafungua Biblia, manake naona watu wamekuwahi na mistari kabla hata hujamaliza kulia. Kuachwa miezi minne kabla ya harusi, ndugu wameshaambiwa na tarehe ipo, hilo ni jambo la kulia, na anayelia mbele za Mungu hajapungukiwa imani. Zaburi ya 13 inaanza "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" na hayo maneno hayakufichwa, yaliingia kwenye nyimbo za ibada, watu wakayaimba hekaluni. Kwa hiyo ukiwa na "hata lini" yako we mpelekee tu, ameshazisikia nyingi na hajawahi kumfukuza mtu kwa ajili hiyo.

Sasa tuanze na huo mstari uliokuchosha, nadhani kilichokuchosha ni jinsi unavyotumika, mstari wenyewe hauna shida. Yeremia 29 ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliobebwa mateka na Nebukadreza wakapelekwa Babeli, karibu miaka 600 kabla ya Kristo. Na soma sura ya 28 kwanza ndo utaelewa moto wa hiyo barua. Kuna nabii mmoja anaitwa Hanania, huyu alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi na mateka wote watarudi, akamvua Yeremia ile nira ya mti aliyokuwa amevaa shingoni akaivunja watu wanaona. Miaka miwili! Hebu fikiria wewe ndo una mtoto wako huko Babeli halafu unasikia unabii kama huo, utalala usingizi mtamu kabisa. Na Hanania alikuwa anasema uongo. Barua ya Yeremia inasema miaka 70, iko hapo hapo mstari wa 10, mstari mmoja tu kabla ya ule tunaoubandika kwenye kadi za harusi. Mtu wa miaka 30 aliyekuwa anasikiliza hiyo barua ikisomwa alielewa bila kuambiwa kwamba yeye mwenyewe harudi tena nyumbani, angekuwa na miaka 100.

Na watu hao hao, waliojua hawarudi, ndo wanaambiwa "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya". Angalia ni "ninyi", wengi, taifa zima. Mungu hakuwa anamwahidi mtu mmoja mmoja kwamba daftari lake litatimia kwa tarehe alizoandika. Alikuwa anawaambia hajawatupa, hadithi yake na watu wake haijaishia Babeli. Sasa rudi nyuma mstari wa 5 mpaka wa 7 uone waliambiwa wafanye nini wakati wanasubiri: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni, uombeeni mji ule amani. Bustani dada! Mtu hapandi bustani mahali ambapo mabegi yake bado yako mlangoni yamefungwa. Mungu aliwaambia wafungue mabegi. Hapo ndo napenda ukae kidogo ujiulize, tangu hizo barua za kukataliwa zije, kuna kitu chochote umepanda hapo ulipo au mabegi bado yako mlangoni? Sikulaumu, nauliza tu kwa sababu nimeona watu wakikaa miaka mitano mlangoni wakiita huko ndo kumngoja Bwana.

Swali lako la kwanza, nitajuaje kama ni mpango wa Mungu au nimefeli. Nikwambie ukweli, mara nyingi hutajua, na hiyo kazi ya kujua hukupewa. Kumbukumbu la Torati 29:29 inasema mambo ya siri ni ya BWANA, Mungu wetu, ila yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu ili tuyafanye. Kwa nini yule kijana aliondoka, kwa nini kamati ilichagua wengine, hayo yako upande wa siri. Ayubu alipoteza watoto 10 na mali na afya, na ukisoma kitabu chote sura 42 hakuna mahali Mungu anamwambia yale mazungumzo ya sura ya 1 na ya 2, sisi wasomaji tunajua kilichotokea mbinguni, Ayubu hakuambiwa. Na wale rafiki zake watatu waliokuwa na maelezo ya kila kitu, kwamba umeteseka kwa sababu hii na hii, ndo Mungu aliowakasirikia mwishoni, akasema hawakunena yaliyo sawa juu yake. Kwa hiyo kuwa mwangalifu na mtu yeyote anayekuja na jibu la haraka la kwa nini uliachwa, awe mtu wa maombi awe nani. Na kuwa mwangalifu pia na ile sauti yako mwenyewe ya usiku inayosema Mungu anakuadhibu.

Hapo kuna mstari mwingine unaotumika vibaya, Isaya 55:8, "mawazo yangu si mawazo yenu". Watu wanautamka kwenye msiba na kwenye kufeli kama vile Mungu anasema nyamazeni hamtaelewa. Soma mstari wa 7 uliotangulia, unamwita mtu mbaya aache njia yake amrudie BWANA naye atamrehemu, atamsamehe kabisa. Ndo hapo inakuja "mawazo yangu si mawazo yenu". Yaani ambapo mawazo yake yako juu kuliko yetu kama mbingu zilivyo juu ya nchi, hapo kwanza kabisa ni kwenye rehema. Sisi tungeshamchoka mtu, yeye hajachoka.

Yaliyofunuliwa sasa, hayo ni mengi na wala hayahitaji ufunge siku 40 kuyajua. 1 Wathesalonike 4:3 inasema wazi mapenzi ya Mungu ni kutakaswa kwenu. Sura ya 5 mstari wa 18, mshukuru kwa kila jambo, hayo ni mapenzi ya Mungu. Mika 6:8, kutenda haki, kupenda rehema, kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako. Wengi wanaokuja kwangu kutafuta mapenzi ya Mungu wanataka kujua nioe nani, nisome nini, nihamie mji gani, na hayo ni maswali ya halali kabisa, ila ni wachache mno wanaokuja kuniuliza nimsamehe vipi aliyeniacha, wakati hilo la pili Mungu ameshalijibu na jibu liko mezani. Kumwamini Mungu na mpango wake kwa asilimia kubwa ni kufanya lile la leo ambalo ameshalisema, huku lile ambalo hajalisema unamwachia.

Alafu hili neno "nimefeli". Inawezekana kabisa Mungu anatawala na pia barua yako ya maelezo ilikuwa dhaifu. Vyote viwili kwa pamoja, havigombani. Usiweke kila kitu kwenye mambo ya rohoni mpaka ukose kuangalia fomu. Kama waliokukataa wanatoa maoni kwa nini walikukataa waandikie uwaombe, mpe mtu aliyeshawahi kupata asome ulichoandika. Hiyo sio kukosa imani.

Sasa nataka nikae kwenye kitu ambacho naona ndo mzizi wa swali lako, hukukiuliza moja kwa moja ila kipo: mpango wangu ulikuwa mzuri, wa kumtumikia Mungu na kusaidia watu, kwa nini aukatae? Tumefundishwa sana kwamba Mungu anakataa mipango ya kiburi, mipango ya tamaa, mnara wa Babeli, Yona kukimbilia Tarshishi. Hiyo ni kweli ila haikusaidii wewe, maana utaishia kujikagua usiku kucha unatafuta dhambi iliyojificha ndani ya kutaka kuhudumia wamama wajawazito. Mtu wa kumsoma wewe ni Daudi, 2 Samweli 7.

Daudi amekaa kwenye nyumba yake ya mierezi, vita vimetulia, anaangalia anaona yeye anakaa nyumba nzuri na sanduku la Mungu liko ndani ya hema. Anamwita nabii Nathani anamwambia, na Nathani anamjibu nenda ufanye yote yaliyo moyoni mwako, BWANA yu pamoja nawe. Umeona hapo, ana mpango mzuri, ana moyo safi, na nabii wa kweli wa Mungu amempa baraka zote. Kila ishara inasema ndiyo. Halafu usiku ule ule neno la BWANA likamjia Nathani, kamwambie Daudi sio wewe utakayenijengea. Nathani ikabidi arudi asubuhi kufuta aliyoyasema jana. Mimi hii habari imenisaidia sana kwenye utumishi, manake inaonyesha hata nabii wa kweli anaweza kuisemea akili yake nzuri akadhani ni Mungu, kwa hiyo kama kuna mtumishi aliwahi kukwambia huyo kijana ndiye mume wako, hilo linaweza kuwa lilisemwa kwa nia njema na bado lilikuwa la mtu.

Sasa fuatilia Daudi alifanyaje. Maandiko yanasema akaingia ndani akaketi mbele za BWANA. Akaketi. Sijui wewe unalisomaje hilo neno, mimi namuona mtu mzima, mfalme, ndoto yake imeondoka asubuhi hiyo, hajaenda kulala na hajaenda kumgombeza Nathani, amekaa chini pale hemani. Na maombi yake yanaanza na "Mimi ni nani", anashukuru kwa yale Mungu aliyomwahidi badala yake, kwamba wewe hutanijengea nyumba, mimi ndiye nitakujengea wewe nyumba, uzao wako. Alipewa kikubwa kuliko alichonyimwa ila sio kile alichoomba.

Na haikuishia hapo, huku ndo kwenye utamu wenyewe. Nenda 1 Nyakati 22. Daudi ameshakatazwa kujenga, anajua atakufa bila kuliona hekalu, na bado anaanza kukusanya vifaa. Mierezi isiyo na hesabu, wachonga mawe, dhahabu talanta 100,000 na fedha talanta 1,000,000. Mstari wa 3 unataja hata chuma cha misumari ya milango ya malango. Misumari! Mtu anakusanya misumari ya mlango ambao hataupita. Baadaye sura ya 28 anamkabidhi Sulemani na ramani yenyewe ya jengo, kumbi zake, vyumba vyake, mpaka uzito wa vinara na wa meza. Sulemani akaanza kujenga mwaka wa 4 wa kutawala kwake, akajenga miaka 7, Daudi ameshalala na baba zake. Halafu siku ya kuliweka wakfu, 1 Wafalme 8:18, Sulemani anasimulia kile Mungu alichomwambia baba yake, kwamba ulifanya vema kuwa jambo hili lilikuwa moyoni mwako. Dada isome mara mbili hiyo. Mungu alisema hapana kwa mpango na akasema vema kwa moyo uliouzaa. Hayo mambo mawili yanaweza kukaa kwa mtu mmoja, kwenye mpango mmoja.

Kwa hiyo hapana uliyoipata kwenye skolashipu, hata ikiwa imetoka kwa Mungu moja kwa moja, haikuambii kwamba moyo wako kwa wale wamama ulikuwa mbaya au ulijidanganya. Na kama Daudi aliweza kukusanya misumari, kuna kitu unaweza kuwafanyia wamama wajawazito mwezi huu bila masta. Kwenda kukaa na mmoja mwenye presha asiyekuwa na mtu wa kumsindikiza kliniki, kufundisha mabinti wa kanisani dalili za hatari ambazo wewe unazijua na wao hawazijui. Cheti hakitakuwepo ila kazi ni ile ile uliyoandika kwenye daftari.

Tuje kwenye kuombea mpango. Umeandika "niliuombea na kuufungia", nikakumbuka kaka mmoja alikuja ofisini kwangu na faili lake. Ameliweka mapajani, ndani kuna mchanganuo wa biashara, barua ya benki, picha za eneo, kila kitu kimepangwa vizuri sana. Ananiambia mchungaji naomba uniombee Mungu abariki hili. Nikamuuliza, na Mungu akisema hapana? Hakunijibu. Dole gumba lake lilikuwa linapita pita kwenye ukingo wa lile faili, linakwenda linarudi, halafu akalifunga akaniambia kwa upole kabisa, mchungaji we niombee tu. Nilimuombea. Ila alipoondoka nilikaa pale muda mrefu maana nilijiona mimi, nami nina mafaili ya namna hiyo ambayo sikuwahi kumpelekea Mungu ayasome, nilimpelekea apige muhuri.

Zaburi 37:5 inasema "Umkabidhi BWANA njia yako, pia umtumaini, naye atafanya." Neno ni kukabidhi. Mtu akikabidhi ofisi anatoa funguo zote anaondoka, huyo anayepokea akitaka kuhamisha meza anahamisha. Wengi wetu tunakabidhi funguo lakini ya akiba iko mfukoni, na utaijua ipo siku Mungu akihamisha kitu ukajikuta umeingia ndani usiku kukirudisha kilipokuwa. Mimi yangu niliijua hivyo hivyo, nilikuwa nimeomba nafasi fulani ya kufundisha, niliitaka sana, nikaomba nikisema mapenzi yako yatimizwe kila siku asubuhi, ikaja barua ya hapana, nami kwa miezi kama nane sikuweza kumwomba Mungu kitu chochote kikubwa. Nilikuwa naomba baraka za chakula na ulinzi wa safari basi. Sikuwa nimemuacha, nilikuwa nimenuna. Kilichonitoa hapo ni Gethsemane.

Manake ukiiangalia Gethsemane, Yesu hakuanza na "mapenzi yako". Alianza na anachotaka. "Baba yangu, ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke", ndipo "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe." Na akarudi akaomba tena, na tena, mara tatu, Mathayo anasema mara ya tatu alisema maneno yale yale. Yaani Mwana wa Mungu mwenyewe alitaja kitu ambacho Baba hakumpa. Paulo naye alisihi mara tatu ule mwiba uliokuwa mwilini mwake utoke akaambiwa "Neema yangu yakutosha". Sasa sisi tunaruka sehemu ya kwanza tunadhani ndo kiroho, tunasema mapenzi yako tu bila kusema tunachotaka, halafu hapana ikija inatuvunja kwa sababu hatukuwahi kuwa wakweli mbele zake. Mwambie Bwana waziwazi nataka masta, nataka mume, nataka watoto, naumia ninapoona kadi za harusi za wenzangu. Taja. Halafu ndo ukabidhi, maana huwezi kukabidhi kitu ambacho hujakitoa mfukoni.

Na kukabidhi sio siku moja. Utakabidhi Jumapili ibadani ukilia, Jumanne utajikuta umeenda kuangalia profaili ya yule kijana. Kabidhi tena Jumanne.

Swali la pili, niache kupanga? Hapana. Watu wanasoma Yakobo 4 vibaya hapa, wale wafanyabiashara wanaosema leo au kesho tutaingia mji fulani tukae mwaka mzima tufanye biashara tupate faida. Yakobo anawakemea halafu anawapa sentensi mbadala, "Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi." Angalia vizuri, ile "hivi au hivi" bado imo kwenye sentensi, mpango haujafutwa, umepata mwenyewe. Kilichokuwa kibaya alikitaja mwenyewe, kujisifu. Yusufu aliyepitia shimo na gereza, aliyejua kuliko mtu yeyote kwamba Mungu ndiye anayeongoza, ndo huyo huyo aliyepanga sehemu ya tano ya mavuno iwekwe akiba kwa miaka 7. Nehemia alisikia habari za Yerusalemu mwezi wa Kisleu akaomba mpaka Nisani, kama miezi minne hivi, na mfalme alipomuuliza unataka nini alisali palepale kimoyomoyo halafu akatoa orodha: muda nitakaotumia ni huu, naomba barua kwa maliwali, naomba miti ya boriti. Sasa hiyo orodha aliiandaa lini kama sio kwenye ile miezi minne ya maombi? Aliomba huku anapiga hesabu.

Anayenifundisha zaidi kwenye kupanga na kugeuzwa ni Paulo, Matendo 16. Alitaka kuhubiri Asia, yaani lile jimbo la Warumi lililokuwa magharibi mwa Uturuki ya leo, Roho Mtakatifu akamkataza. Akajaribu Bithinia, Roho wa Yesu hakumpa ruhusa. Milango miwili mfululizo, na Luka haandiki sababu hata moja. Wakatelemka mpaka Troa, baharini, mbele hakuna barabara tena. Usiku Paulo akaona maono ya mtu wa Makedonia akimwita avuke awasaidie. Wakavuka, wakafika Filipi, na siku ya sabato wakaenda nje ya lango kando ya mto wakakuta wanawake wamekusanyika. Yule wa kwanza ambaye Bwana alimfungua moyo anaitwa Lidia, muuza rangi ya zambarau, mwenyeji wa Thiatira. Sasa Thiatira iko wapi? Iko Asia, kule kule alikokatazwa. Alizuiwa kwenda Asia, akavuka bahari, na mtu wa kwanza aliyemkuta akamwamini Yesu ni mtu wa Asia. Na baada ya miaka alikuja kukaa Efeso miaka miwili, Matendo 19:10 inasema wote waliokaa Asia wakalisikia neno la Bwana. Kumbe ile hapana ya kwanza ilikuwa bado.

Ila nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa, sio kila hapana ni bado. Paulo huyo huyo aliwaandikia Warumi kwamba atapita kwao akielekea Hispania, ameandika mara mbili kwenye sura ya 15, na Rumi alifika kweli lakini amefungwa mnyororo, na Biblia haituonyeshi akifika Hispania. Tunachokiona ni barua ambazo zenyewe zinasema ziliandikwa kifungoni, Wafilipi, Waefeso, Wakolosai, na mimi na wewe tumelelewa kiroho na hizo barua. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba skolashipu itakuja au mume atakuja kwa sababu umengoja vizuri. Atakayekuahidi hivyo ni Hanania.

Kuhusu uchumba nitasema kidogo tu, maana jeraha bado ni bichi. Kwenye miaka 31 presha ni kubwa na utapata watu wa kukuharakisha. Ibrahimu alipewa ahadi akiwa na miaka 75, kwenye 86 akawa amezaa na Hajiri kwa ushauri wa mke wake, Isaka alikuja akiwa na 100. Tukifundisha hiyo habari tunazungumzia Ibrahimu kukosa subira, tunamsahau Hajiri, binti mtumwa ambaye hakuulizwa, aliyeishia jangwani analia. Haraka ya mtu anayesubiri huwa inamuumiza na mtu mwingine ambaye hakuwemo. Kwa hiyo usiingie kwenye mahusiano mapya ili kuziba pengo la yule, utamuonea huyo atakayekuja. Na huyu aliyeondoka, msamehe, kwa Mungu kwanza, sio lazima umpigie simu.

Sasa dirisha la skolashipu. Ningeona huo mpango unakudai utende dhambi, labda kudanganya vyeti au kumlipa mtu, ningekwambia acha leo. Haukudai hivyo. Hujakatazwa kwa neno la Mungu, una uwezo, una moyo nao, na washauri unao. Omba. Mithali 16:9 inasema moyo wa mtu huifikiri njia yake bali BWANA huziongoza hatua zake, na hatua zinaongozwa kwa mtu aliyenyanyua mguu.

Fanya hivi. Wiki hii chukua lile daftari, usilichane. Ule ukurasa wa mpango usome kwa sauti mbele za Mungu, mstari kwa mstari, hata ule wa "niolewe na 27", ukifika hapo ukilia lia. Chini yake andika Bwana akipenda, kwa mkono wako, na tarehe. Kisha fungua fomu. Barua ya maelezo iandike upya, usibandike ile ya mwaka jana, na humo weka huyo mama utakayekuwa umeshamsindikiza kliniki. Tuma siku tatu au nne kabla ya mwisho maana mtandao siku ya mwisho unalemewa. Ukishatuma niandikie tarehe watakayotoa majibu, mimi na mke wangu tutakuombea siku hiyo, na jibu likija lolote lile tuandikie tena.